Bibi wa Ndani ya Mashine ya Paka

Uliyekuwa nami juma lililopita uliniacha nimesimama jikoni, mkoba begani, funguo mkononi, nimeganda. Mashine ya kulishia paka ilikuwa imeniita.

Kama ndiyo kwanza unaingia, shika haya machache. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Wazee wengi wa mtaa wetu wanatafuna kwa jasho langu. Nimeachana na mume wangu, na sasa tunagombania mtoto, binti wa miaka saba tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Mahakamani, wakili wa mume wangu alisimama akasoma maneno niliyoyasema jikoni kwangu siku moja nikilia: "Kuna wakati natamani nifunge mlango nimwache mtoto humo humo, nitokomee."

Niliyasema kwa uchovu. Na niliyasema mbele ya mtu mmoja tu, mdogo wangu, aliyekuwa akikaa nami na kunisaidia kulea.

Basi nikamfukuza. Nilimrushia nguo zake ngazini nikamwita nyoka. Alikuwa akiokota blauzi moja moja huku machozi yanamtoka.

Hazikupita siku nyingi, nikarudi nyumbani mapema kuchukua miwani niliyoisahau, na mashine ikasema:

"Mama Chiriku."

Mashine yenyewe ni kopo kubwa jeupe la betri, bakuli chini, kamera juu, spika pembeni. Unaijaza chakula cha paka, unaiunganisha na intaneti, na hata ukiwa kazini unamlisha paka kwa simu, unamwona, unaongea naye. Mume wangu ndiye aliyeinunua tulipokuwa bado pamoja. Sauti yake iliyorekodiwa humo hutoka kila asubuhi: "Bosi, Bosi, njoo ule." Bosi ni paka wetu. Nilipohama na mtoto, paka na mashine, sauti ya mume nayo ikahama nasi, maana sikujua inafutwaje.

Lakini mchana ule haikuwa sauti ya mume. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo.

"Usiogope. Ni mimi, mama."

Mama mkwe wangu. Mama ambaye katika ndoa yetu nzima hakuwahi kunitazama usoni zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mama," nikasema. Unaona mtu alivyo. Roho inataka kutoka, na bado nikaamkia.

"Marahaba. Kaa chini kwanza. Umesimama vibaya hapo mlangoni, utaanguka."

Nikatazama ile kamera. Nikakaa.

"Mama, uko wapi?"

"Kitandani kwangu. Mwanangu aliponunua simu mpya, hii ya zamani akanipa mimi. Haina laini, inatumia intaneti ya nyumbani tu. Ina alama ya paka. Nikiibonyeza, naona jikoni kwako."

"Lakini nilibadilisha neno la siri. Siku ile ile niliyohama."

"Hayo mimi siyajui, mwanangu. Mimi nabonyeza paka tu, pananifungukia."

"Tangu lini?"

"Tangu uhame."

Nikaanza kujikumbuka jikoni humo. Nikitoka kuoga na taulo. Nikila chakula cha mtoto kwenye sufuria kwa vidole. Nikiimba. Nikiongea peke yangu, nikimtukana mwanawe kwa majina ambayo hata paka aliyaonea aibu. Na kule upande wa pili mama mkwe amelala kitandani, ananitazama.

Halafu likanijia lile kubwa.

"Mama, yale maneno yaliyosomwa mahakamani?"

Akakohoa kwanza. Ana pumu ya siku nyingi.

"Ni mimi niliyeyasikia. Mdogo wako hana kosa."

Nikaweka funguo mezani.

"Mwanangu alirudi kutoka kazini akaniuliza, wanaendeleaje kule. Nikamwambia mama wa mtoto amechoka, leo amelia, amesema hivi na hivi. Nilikuonea huruma. Nilidhani naongea na mwanangu, kumbe naongea na kesi. Tangu siku hiyo, kila jioni huichukua simu anasikiliza mwenyewe, na mchana akienda dukani kwake ananiachia."

Niliziona nguo za mdogo wangu ngazini kama vile zipo pale bado.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu kesho mchana afisa ustawi wa jamii anakuja kwako. Mwanangu amempelekea habari kwamba mtoto akitoka shule hukaa peke yake mpaka wewe urudi. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Tangu nimfukuze mdogo wangu, jirani wa chini ndiye aliyekuwa akimfungulia mtoto mlango tu, kisha anarudi kwake.

"Basi kesho uwepo. Na jambo moja nakuomba. Hii mashine usiizime. Mwanangu akienda dukani hunifungia mlango kwa nje. Anasema ni kwa usalama wangu, nisije nikaanguka barabarani. Mtoto ndiye pekee ninayemwona mchana kutwa."

Kisha akaniaga kwa adabu kabisa, kana kwamba alikuwa amekuja kunitembelea.

Niliingia bafuni, nikafungua bomba maji yamwagike, nikapiga simu kampuni ya mashine. Sijui kwa nini nilifungua bomba. Hakuna kamera bafuni. Ila mtu akishajua kwamba anasikilizwa jikoni, nyumba nzima inakuwa na masikio.

"Karibu huduma kwa wateja," akasema binti mmoja mchangamfu. "Nikusaidie nini?"

"Kuna mtu ndani ya mashine yangu ya paka."

"Mtu, au paka?"

"Mtu. Anaongea."

"Mashine zetu ni salama kabisa, mama. Umebadilisha neno la siri?"

"Nilibadilisha."

"Basi uko salama."

"Anajua nimesimama wapi."

Akaniwekea muziki. Aliporudi uchangamfu ulikuwa umemwisha. Alikuwa anasoma kitu alichopewa na mkubwa wake.

"Kubadilisha neno la siri kunazuia simu mpya isiingie. Simu iliyokuwa imeshaingia zamani haitoki. Tatizo hilo linajulikana na linashughulikiwa."

"Yaani nimebadilisha kitasa, na mwenye ufunguo wa zamani anaendelea kuingia?"

"Siyo hivyo, mama." Akashusha sauti, na hapo nadhani aliacha kusoma. "Huyo haingii. Yuko ndani siku zote. Kubadilisha kitasa hakumtoi aliye ndani."

"Mtoeni."

"Njia ni moja. Uifute mashine irudi kama ilivyotoka kiwandani. Lakini kila kitu kitafutika, pamoja na kumbukumbu ya nani aliingia na lini."

Nikampigia wakili wangu. Huyu bwana huongea kama anayelipia maneno.

"Usiifute," akasema. "Hiyo kumbukumbu ndiyo silaha yetu. Nitaomba mahakama iiamuru kampuni iilete."

"Itachukua muda gani?"

"Mahakama ni mahakama."

"Basi niifunike kamera na kitambaa."

"Mumeo akiona giza atajua umejua. Ataitupa ile simu, na hatamruhusu mama yake kuongea na mtu. Tunamhitaji huyo mama awe shahidi."

"Na afisa ustawi nimwambie nini kesho?"

"Usimwambie kitu. Ukisema mtu anamtazama mtoto kupitia mashine, ataandika kwamba kwako si salama. Ukisema bibi alikuonya, ataandika kwamba ulijiandaa. Kaa kimya, ujibu unachoulizwa."

Nikabaki nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yanamwagika bure. Nikiifuta, ushahidi unakufa. Nikiiacha, mume wangu anakula nami chakula cha jioni kila siku bila kualikwa. Nikisema, naonekana mama mzembe. Nikinyamaza, naendelea kutazamwa. Nilitafuta pa kutokea sikupaona, na nyumba ni yangu, kodi nalipa mimi.

Jioni ile nikawa mwigizaji jikoni kwangu mwenyewe.

"Chiriku, mwanangu mpenzi," nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "malizia mboga zako za majani, zina faida mwilini."

Chiriku akaweka kijiko chini. "Mama, mbona unaongea kama mwalimu mkuu?"

"Mama anaongea kawaida."

"Hapana. Kawaida unasema, we mtoto, kula nitakufinya."

Nikamtazama Bosi, Bosi akatazama kando. Nikamshika mtoto mkono, nikampeleka bafuni, nikafungua bomba.

"Sikiliza, kuna mchezo. Jikoni tunasema mambo ya kawaida tu. Ya siri tunayasemea huku."

"Kwa sababu ya bibi?"

Nikafunga bomba. "Bibi gani?"

"Bibi wa ndani ya mashine. Tunafanya naye hesabu za kuzidisha. Saba mara nane bado inanisumbua, lakini bibi anasema nayo itaingia."

Kumbe mwanangu alijua siku zote. Tangu mdogo wangu aondoke, yale masaa niliyodhani mtoto yuko peke yake, alikuwa na bibi yake. Akimwambia vua sare, nawa mikono, usiguse jiko. Mwanamke aliyefungiwa chumbani, analea mtoto aliyefungiwa jikoni, kupitia bakuli la paka.

"Kwa nini hukuniambia, Chiriku?"

Akachezea kifungo cha shati langu. "Bibi hakunikataza. Mimi ndiye niliyeogopa. Ungemfukuza kama ulivyomfukuza mama mdogo."

Nimepigwa maneno mengi katika kesi hii, na mawakili wanaolipwa kwa kazi hiyo. Hakuna lililonipata kama hilo.

Nikamkumbatia. Nikamwambia kesho kuna mgeni anakuja, bibi ameshanipa habari, kwa hiyo tukae vizuri, na habari za bibi wa mashine tusizitaje.

"Sawa, mama. Sitasema."

Nilijua kabisa kwamba Chiriku kuahidi kunyamaza ni sawa na Bosi kuahidi kulinda samaki. Lakini ningefanya nini?

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Niliacha taya la juu la mwalimu mstaafu likiwa bado kwenye nta, na daktari wetu wa meno akanitazama kwa jicho lililosema hii iwe ya mwisho. Nikamfuata mtoto shule, nikamlisha, tukakaa sebuleni kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Afisa ustawi akagonga. Mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, faili kwapani, uso usiokupa kitu. Akatazama vitanda, akafungua jokofu, akasoma tarehe kwenye paketi ya maziwa. Jikoni akasimama mbele ya mashine ya paka.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kulishia paka."

"Watu mna mambo," akasema, akarudi sebuleni. Nikapumua.

Akakaa, akafungua faili.

"Mama, nimeambiwa saa hizi huwa hakuna mtu mzima hapa."

"Niko, kama unavyoniona."

"Leo hukwenda kazini?"

"Leo sikwenda."

"Kwa nini?"

"Sijisikii vizuri." Na huo haukuwa uongo.

Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu. Kisha akamgeukia mtoto, na hapo kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Wewe ndiye Chiriku? Hebu niambie, mama huwa yuko nyumbani ukitoka shule?"

Mtoto akanitazama. Nikatazama dari.

"Huwa hayupo," akasema. "Leo tu ndiyo yupo, kwa sababu bibi alimwambia unakuja."

"Bibi yupi?"

"Siruhusiwi kumtaja." Akafikiri kidogo. "Lakini siyo bibi wa kukaa hapa. Ni bibi wa ndani ya mashine ya paka."

Kalamu ya afisa ikasimama. Akaniangalia kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Mama Chiriku," akasema, "ungependa kunieleza?"

Nikafungua mdomo. Yale maelekezo yote ya wakili yakanirudia, kaa kimya, ujibu unachoulizwa. Sasa nimeulizwa. Nijibu, nimekwisha. Ninyamaze, nimekwisha.

Ndipo jikoni kukasikika kikohozi.

Afisa akageuza kichwa. "Kuna mtu mwingine humu ndani?"

Kikohozi kikaendelea, kisha kikageuka kuwa mluzi, ule mluzi wa kifua kinachotafuta hewa kikaikosa. Naujua. Nimekaa na mama mkwe yule chini ya paa moja, naujua kama unavyojua mlango wako ukilia bawaba.

"Mama Chiriku." Neno, mluzi, neno. "Dawa. Imeanguka. Chini ya kitanda. Siifikii."

Nitakuambia ukweli, wewe unayenisoma. Miguu yangu haikuinuka mara moja. Kuna kitu ndani yangu kilichohesabu. Kilisema, nyamaza, mwambie afisa ni redio, mama ana mwanawe, si kazi yako. Ukiinuka hapa umejichongea jeneza la kesi yako.

Chiriku ndiye aliyenitangulia. "Bibi, pumua polepole," akamwambia, amepiga magoti mbele ya bakuli. "Kama ulivyonifundisha nikilia. Puani, mdomoni."

Nikaenda. Nikainyanyua mashine na bakuli lake, chakula cha paka kikamwagika sakafuni, nikaileta sebuleni nikaiweka juu ya faili la afisa.

"Huyu ni mama wa mume wangu," nikasema. "Yuko kwake, kitandani, mlango umefungwa kwa nje. Anatuona kwa mashine hii. Mengine nitakueleza, sasa hivi hana pumzi."

Nitamsifu yule afisa maisha yangu yote, licha ya aliyonifanyia baadaye. Hakuhoji. Aliuliza anwani, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Nami nikampigia Baba Chiriku, nikaweka sauti ya nje ili mikono yangu ibaki kwenye mashine. Duka lake la vigae liko mtaa wa pili tu kutoka kwake.

"Unasemaje?" akapokea.

"Mama amebanwa na pumu. Dawa imeanguka chini ya kitanda. Kimbia ukamfungulie."

Nikasikia kigae kikiwekwa chini.

"Umejuaje?" akasema.

Afisa ustawi aliinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Nakwambia mama anakata roho."

"Nakuuliza umejuaje. Nani kakwambia? Uko wapi?"

"Niko nyumbani kwangu. Unasikia huu mluzi? Ni wa mama yako. Kimbia, baba. Tutagombana kesho."

Akakata. Sikujua amekata ili akimbie au amekata ili afikiri.

Tukabaki na ule mluzi. Ulikuwa unakuwa mwembamba. Chiriku ameshika mashine kwa mikono miwili kana kwamba ni mkono wa bibi yake, anamhesabia pumzi, moja, mbili, akikosea anaanza upya. Mimi namwambia mama, usilale, mama, kaa, inama mbele, usilale. Afisa anawaambia watu wa gari la wagonjwa geti ni rangi gani, kama ninavyomwelekeza.

Kisha tukasikia funguo. Mlango. Hatua za mtu anayekimbia na viatu vizito.

"Mama. Mama, niko hapa, mama."

Nimeishi na mwanaume yule miaka, nimesikia sauti zake zote, ya mapenzi, ya hasira, ya uongo. Ile ya siku ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtoto. Kitanda kikaburutwa. Dawa ikapulizwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Na baada ya muda ambao nywele zangu zilizeeka humo, kifua kikaanza kufunguka. Mama akavuta hewa moja ndefu.

Chiriku akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi. Nami nikalia. Afisa alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Lakini mume wangu hakuwa amemaliza.

"Mama," tulimsikia akisema, sasa ametulia, karibu kabisa na simu. "Ulikuwa unaongea naye? Tangu lini unaongea naye?"

"Mwanangu, niache nipumue."

"Nipe hiyo simu."

"Iache. Ndiyo macho yangu."

"Nipe, mama. Unataka kuniharibia kesi?"

Kikasikika kitu kama mkono ukivutwa kutoka shukani. Kisha mashine ikakata, ikabaki taa yake ndogo ya kijani.

Bosi alikuwa jikoni anakula chakula kilichomwagika, tulisikia meno yake.

Nikafikiri, Mungu si mwanadamu. Amejianika mwenyewe, mbele ya afisa, kwa mdomo wake. Nimeshinda bila wakili. Nilikuwa mjinga hivyo, kwa dakika kadhaa.

Afisa ustawi akahakikisha kwa simu kwamba gari la wagonjwa bado linakwenda kwa mama, kisha akatoa faili lake chini ya mashine, akapangusa chengachenga za chakula cha paka. Akaniomba nimweleze, nikamweleza yote, kuanzia neno la siri hadi bafuni na bomba. Aliandika bila kunikatiza. Alipomaliza alifunga faili.

"Mama Chiriku, ulilolifanya leo ni jema. Nitaliandika hivyo hivyo."

"Ahsante, mama."

"Lakini nami nina kazi yangu." Sasa hakuwa akinitazama. "Nyumba hii inasikilizwa, na wewe ulijua tangu jana ukanificha, ukamfundisha na mtoto kunificha. Nyumba ile nyingine ndiyo inayosikiliza, na humo kuna mzee anafungiwa kama kuku. Siwezi kumwacha mtoto alale katika nyumba yoyote kati ya hizi mbili mpaka hakimu aseme."

"Nitaifuta. Naifuta sasa hivi mbele yako, naitupa dirishani."

"Ukiifuta, umefuta na ushahidi. Wakili wako amekwambia, nami nakwambia."

"Basi nifanye nini?"

"Nipe ndugu mmoja, mtu mzima, asiye upande wowote wa kesi hii. Mtoto atakaa kwake. Kama hayupo, leo jioni itabidi nimpeleke kwenye makao ya watoto."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilihisi vidole vyake vikishika nywele zangu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mchanga akiwa usingizini.

Ndugu asiye upande wowote. Wazazi wangu hawako duniani. Ndugu nilikuwa naye mmoja.

"Ninaye mdogo wangu," nikasema. "Amemlea mtoto huyu tangu anazaliwa."

"Mpigie."

Tangu siku ile ya ngazini nilikuwa sijampigia. Kwanza kwa hasira. Kisha, tangu jana mama mkwe aniambie, kwa aibu. Nilijiambia nitampigia nikishapata maneno. Maneno sikuwa nimeyapata. Nikapiga hivyo hivyo. Ikaita mpaka nikajua haipokelewi, kisha ikapokelewa.

"Dada," akasema. Neno hilo moja tu, baridi.

"Mdogo wangu, nisamehe. Si wewe. Ilikuwa mashine ya paka, ilikuwa na mtu ndani, nitakueleza yote. Nilikukosea, nilikutukana bure. Nitakuja nipige magoti mbele yako. Lakini sasa hivi Chiriku anakuhitaji. Wanataka kumpeleka makao ya watoto kama hakuna ndugu asiye kwenye kesi. Njoo umchukue, mdogo wangu. Nakuomba."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kuchapia karatasi, na mtu akiuliza kama anataka chai au maji.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

"Dada, ulinirushia nguo mbele ya majirani. Uliniita nyoka. Nililala kwa rafiki yangu, sakafuni, nikawa najiuliza nilikukosea nini." Sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Baba Chiriku ndiye aliyenitafuta. Akaniambia kama umenifanyia mimi hivi, utamfanyia nini mtoto."

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Kwa wakili wake," akasema. "Nimekwisha kutoa maelezo yangu, dada. Nimesema yote niliyoyaona nilipokuwa naishi kwako. Kalamu ninayo mkononi, nimemaliza kutia sahihi sasa hivi."